Matone matatu na sifuri ya Kisauni: uchambuzi wa jaribio lililotoa hasi 93

Jibu lililobaki ubaoni lilikuwa hasi 93. Darasa moja la fizikia huko Kisauni, Mombasa, lilikuwa limefunga hewa ndani ya chupa ya kioo ya nusu lita, likaichovya kwenye maji ya barafu na kwenye maji ya moto, likasoma shinikizo kwenye geji na kuchora grafu. Kisha likaunyoosha mstari kwenda kushoto mpaka pale ambapo shinikizo lingekwisha kabisa. Vitabu vinasema mahali hapo ni nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Hiyo ndiyo sifuri kamili, ambayo hakuna baridi iliyo chini yake. Mstari wa darasa ulikata mhimili kwenye 93.

Jaribio la shule kwenda kombo si habari. Kilichokifanya kisa hiki kisimuliwe ni swali la kijana mmoja aliyekaa nyuma: "Mwalimu, ami yangu anapandisha ng'ombe kwa mbegu za mtungi huko Mtwapa. Mle mtungini mna nitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Sasa kama baridi inaishia 93, ami anachota nini mle?"

Swali lile halikuwa na mwanya. Nitrojeni iliyo majimaji huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na mbegu za ng'ombe huhifadhiwa humo kwa sababu kwenye baridi hiyo shughuli za kemia ndani ya chembe hai zinasimama kwa miaka. Angetaka kumbana mwalimu zaidi, angemtajia kituo cha Vostok kule Antaktika, ambako tarehe 21 Julai 1983 palipimwa nyuzi 89.2 chini ya sifuri. Sifuri ya Kisauni ingekuwa karibu nyuzi nne tu chini ya usiku ambao watu waliuishi na wakaandika kipimo chake.

Mwalimu, ambaye tumejuana tangu utotoni, aliniletea karatasi za darasa. Mimi si mwalimu. Kazi yangu ni kutengeneza vyumba vya baridi vya samaki. Ila alijua kwamba mtu anayeshinda na geji na mabomba ya gesi huenda akaona kitu ambacho mwenye chaki hakukiona.

Vipimo vyenyewe vilikuwa vinne. Kwenye maji ya barafu, nyuzi 0, geji ilisoma kilopaskali 88. Kwenye joto la chumba, nyuzi 30, ilisoma 101, sawa na hewa ya nje, kwa kuwa hapo ndipo chupa ilipofungwa kizibo. Kwenye nyuzi 60 ilisoma 126, na kwenye nyuzi 80 ikapanda hadi 160. Barafu ilikuwa ile ya kuwekea samaki. Nilianza kuishuku hiyo, maana barafu ikiguswa na chumvi hushuka chini ya sifuri, lakini kipimajoto kilikuwa kimesoma 0 kamili. Barafu haikuwa na kosa.

Tazama jinsi namba zinavyopanda. Kutoka 0 hadi 30, shinikizo liliongezeka kwa kilopaskali 0.43 kwa kila nyuzi. Kutoka 30 hadi 60, ni 0.83. Kutoka 60 hadi 80, ni 1.7. Huo si mstari hata kidogo, ni mlima unaozidi kusimama kila ukiupanda. Hewa iliyofungwa mahali pasipotanuka haina tabia hiyo. Ikiwa imefungwa kwenye nyuzi 30 kwa kilopaskali 101, inatakiwa kupanda kwa thuluthi moja ya kilopaskali kwa kila nyuzi, ikiwa baridi au moto, bila kuharakisha. Ukigawanya 101 kwa 303 utapata hiyo thuluthi, na hiyo 303 ni nyuzi 30 zikihesabiwa kuanzia sifuri kamili.

Kwenye karatasi moja niliona alama hafifu za penseli zilizofutwa. Mwanafunzi alikuwa ameunganisha nukta zake nne kwa mpindo, kama zilivyokaa, kisha akafuta akapiga rula. Nilipomuuliza mwalimu, alisema darasa liliambiwa mapema kwamba grafu itakuwa mstari ulionyooka. Hapo ndipo ninapoliona kosa kubwa la kisa hiki, na halimo ndani ya chupa. Nukta zilikuwa zimesema kuna kitu kingine kinasukuma mle ndani zaidi ya hewa, rula ikazinyamazisha. Ukizilazimisha nukta hizo nne ziwe mstari mmoja, mstari bora kabisa unaopatikana unakata mhimili karibu na hasi 93. Hesabu ya wanafunzi ilikuwa sahihi. Mstari ndio uliokuwa haupo.

Nani basi alikuwa anasukuma? Kwa fundi wa friji mshukiwa wa kwanza ni maji. Hatujazi gesi kwenye mfumo kabla ya kuvuta vakyum, yaani kunyonya hewa yote iliyomo, na tunaweka draya, kile kijichupa cha shaba chenye chembe za kunyonya unyevu, kwa sababu tone moja la maji linaweza kuziba mfumo mzima. Nikauliza chupa ilioshwa lini. Asubuhi ile ile, ikapanguswa nje, ikatikiswa, ikazibwa.

Maji yakiwa ndani ya chupa iliyozibwa hutoa mvuke, na mvuke huo una shinikizo lake linalojumlishwa na la hewa. Shinikizo hilo haliendi kwa mstari. Kwenye nyuzi 0 ni kilopaskali 0.6 tu. Kwenye nyuzi 30 ni 4.2, kwenye nyuzi 60 ni karibu 20, na kwenye nyuzi 80 ni zaidi ya 47. Yaani kila ukipasha, maji yaliyokuwa yamelala kwenye kuta za chupa yanageuka gesi mpya iliyoingia kwenye hesabu bila kualikwa.

Sasa pima. Ikiwa chupa ilizibwa kwenye nyuzi 30 ikiwa na maji ndani, katika zile kilopaskali 101 hewa yenyewe ilichangia 96.8 na mvuke 4.2. Ipashe hadi nyuzi 80. Hewa inapanda hadi 112.8, mvuke unafika 47.4, jumla 160.2. Geji ya darasa ilisoma 160. Kwenye nyuzi 60 hesabu inatoa 126.3, geji ilisoma 126. Kwenye barafu inatoa 87.8, geji ilisoma 88. Sijawahi kuona mshtakiwa akikiri waziwazi namna hii.

Maji mengi kiasi gani yanahitajika? Kuijaza nusu lita kwa mvuke wa nyuzi 80 kunataka takriban gramu 0.15, ambazo ni matone matatu hivi. Chupa iliyooshwa na kutikiswa tu hubaki na zaidi ya hayo, yakiwa yametandaa kwenye kioo kiasi kwamba jicho halishtuki.

Mwalimu akauliza kama chupa kavu ingetosha, hata ikifungwa na hewa ya kawaida ya darasani. Pwani, haitoshi. Chukua unyevu wa asilimia 80, ambao Mombasa haumshangazi mtu. Hewa hiyo ikifungwa kwenye nyuzi 30 ina mvuke wa kilopaskali 3.4. Ukipasha, hakuna ubaya, mvuke huo unafanya kama gesi nyingine yoyote. Ukiitia kwenye barafu ndipo mvuke unapogeuka umande na kujitoa kwenye hesabu, geji inashuka kuliko haki, mstari unasimama, na sifuri yako inatua karibu na hasi 247. Nyuzi 26 nzima zimepotea bila tone moja la maji kuonekana. Jaribio hilo hilo likifanywa Lodwar, kwenye ukame wa kaskazini mwa Kenya, wakati wa kiangazi litatoa jibu zuri zaidi bila mwalimu wa Lodwar kuwa hodari kuliko wa Kisauni.

Wala wanafunzi hawa si wa kwanza. Mnamo 1702 Mfaransa Guillaume Amontons aliona kwamba shinikizo la hewa hushuka kwa kiasi kile kile kila inapopozwa, na kwamba mwisho wake lazima kuwe na baridi isiyopitika. Ukigeuza namba zake kuwa nyuzi za leo unapata karibu hasi 240. Johann Heinrich Lambert akasogea hadi karibu hasi 270 mwaka 1779. Lakini wengi waliopima kupanuka kwa gesi katika karne hiyo hawakupatana hata kidogo, kila mtu na namba yake. Mwaka 1802 Joseph Louis Gay-Lussac alieleza sababu: vyombo vyao vilikuwa na maji ndani. Yeye alikausha gesi zake kwanza, na gesi zilizokuwa zikionekana kila moja na tabia yake zikaanza kupanuka kwa kiasi kimoja, sehemu moja ya 267 kwa kila nyuzi. Baadaye Victor Regnault aliisogeza namba hiyo hadi karibu na 273 tunayoijua. Kwa hiyo ugonjwa wa Kisauni una zaidi ya miaka 200, na dawa yake ni ile ile.

Tulirudia. Chupa ilikaushwa kwa hewa ya moto hadi ikawa haina umande hata ikiguswa kwa barafu. Kisha hewa ikaingizwa ikipitia kwenye draya mpya ya friji, iliyofunguliwa hapo hapo, kwa sababu draya iliyokaa wazi saa moja Mombasa imeshashiba unyevu. Geji ikasoma 91 kwenye barafu, 101 kwenye joto la chumba, 111.5 kwenye nyuzi 60 na 117 kwenye nyuzi 80. Safari hii nukta zilijipanga zenyewe. Mstari ulikata kwenye hasi 277.

Hasi 277 nayo si sahihi, maana imepita chini ya mahali ambapo hakuna chini. Sehemu ya kosa ni mikato ya geji. Sehemu nyingine ni mpira mwembamba unaounganisha chupa na geji: hewa iliyomo humo haichovywi, inabaki na joto la chumba, hivyo shinikizo halipandi kama inavyostahili na mstari unalala kidogo. Mpira mfupi zaidi utasaidia. Kwa vifaa vya shule ningeridhika na nyuzi nne.

Yule kijana alitaka chupa ichovywe kwenye nitrojeni ya ami wake, tumalize ubishi. Wazo ni zuri kuliko alivyojua. Hewa kavu iliyofungwa kwa kilopaskali 101 kwenye nyuzi 30 ingeshuka hadi karibu 25.7 kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na kwa shinikizo dogo hivyo ingebaki gesi bila kugeuka majimaji. Ukiwa na nukta iliyo mbali hivyo, hakuna tena kunyoosha mstari gizani. Na kuna jambo lililonifurahisha nilipolipigia hesabu: hata chupa ile ya kwanza, yenye maji yake, ingefanya vizuri. Kwenye nitrojeni maji yote yangekuwa barafu isiyotoa mvuke wa kuhesabika, geji ingesoma karibu 24.6, na mstari kutoka hapo hadi kwenye nukta ya maji ya barafu ungekata kwenye hasi 272. Maji yalidanganya upande wa joto peke yake. Darasa lilikuwa linaitafuta baridi kwa kutumia maji ya moto, na huko ndiko walikopotezwa.

Hata hivyo nilikataa, kwa sababu ya chupa ya kioo. Chupa yenye kizibo cha mpira ikitiwa kwenye baridi ile, mpira unakuwa mgumu kama jiwe na kusinyaa, kioo kinaweza kupasuka, na darasa lililofungwa madirisha likijaa nitrojeni, watu wanaishiwa pumzi bila kunusa chochote. Chombo cha shaba kilichochomelewa, nje kwenye upepo, mtu mmoja mwenye glavu na miwani: hivyo ningekubali.

Mpaka hapa tumesahihisha namba. Mwalimu alikuwa na swali zito zaidi, na nampa heko kwa kuliuliza. Hewa hugeuka majimaji muda mrefu kabla ya hasi 273. Kwa shinikizo la kawaida oksijeni inageuka kwenye hasi 183, nitrojeni kwenye hasi 196. Basi huo mstari unapita katika nchi ambayo hewa haipo. Kwa haki gani tunasema unaonyesha kitu cha kweli?

Kama ushahidi ungekuwa ni hewa peke yake, hakungekuwa na haki. Haki ya kwanza ni kwamba haidrojeni, heli na gesi nyingine, zikiwa nyembamba na kavu, zote huelekeza mahali pamoja ingawa kila moja hugeuka kuwa majimaji kwenye baridi yake. Haki ya pili ina nguvu zaidi, na haihitaji gesi. Sadi Carnot alionyesha mwaka 1824 kwamba injini bora kabisa inayotumia joto ina kikomo kinachotegemea joto la upande wake wa moto na wa baridi tu, wala si mafuta au mvuke uliomo. Mwaka 1848 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, akaona kwamba kikomo hicho kinaweza kuwa kipimajoto kisichotegemea kitu chochote. Sifuri ya kipimo hicho, katika sura tunayoitumia leo, ndipo hapo hapo mstari wa gesi unapoelekea.

Igeuze injini ya Carnot kinyumenyume upate friji, na hapo ndipo mimi ninapoelewa vizuri. Tuseme unataka kutoa juli moja ya joto (juli ni kipimo cha nishati) kutoka mahali pa baridi na kuitupa kwenye hewa ya Mombasa ya nyuzi 30. Ukiitoa kwenye barafu, mashine bora kabisa itakula kazi ya juli 0.11. Kutoka kwenye chumba cha samaki cha nyuzi 20 chini ya sifuri, 0.2. Kutoka kwenye nitrojeni ya kelvini 77 (kelvini ni nyuzi zinazohesabiwa kuanzia sifuri kamili), karibu 2.9. Kutoka kwenye heli ya kelvini 4.2, ambayo Heike Kamerlingh Onnes aliigeuza majimaji kwa mara ya kwanza huko Leiden tarehe 10 Julai 1908, ni juli 71. Na kutoka kwenye sehemu moja ya elfu ya kelvini ni juli 303,000 kwa ile juli moja. Mashine za kweli hula zaidi, na bili ya umeme hailipwi kwa nadharia.

Mwalimu alitaka kuishia hapo: gharama inakwenda bila kikomo, kwa hiyo sifuri haifikiki. Hoja hiyo inavutia lakini haitoshi. Kadiri kitu kinavyopoa ndivyo kinavyobaki na joto dogo zaidi la kutolewa, na upungufu huo unaweza kuimeza gharama yote. Kinachofunga mlango ni kanuni iliyotokana na kazi ya Walther Nernst iliyoanza mwaka 1906. Kupoza kokote kunakwenda kwa kubadilisha hali ya kitu, mathalani kubana gesi na kuiachia, au kuwasha sumaku juu ya chumvi fulani na kuizima, njia ambayo William Giauque aliitumia kushuka chini ya kelvini moja mwaka 1933. Hatua hiyo hufanya kazi kwa sababu hali hizo mbili zina vurugu tofauti ndani yake. Karibu na sifuri tofauti hiyo inayeyuka, hali zote mbili zinakuwa tulivu sawasawa, na kila hatua inakupa kidogo kuliko iliyotangulia. Utakaribia kiasi unachotaka. Kufika kunataka hatua zisizo na mwisho.

Na watu wamekaribia sana. Mwaka 1995 Eric Cornell na Carl Wieman kule Boulder, Marekani, walipoza atomi za rubidi hadi takriban sehemu 170 za bilioni ya kelvini, zikaungana katika hali moja. Mwaka 2021 watafiti wa Ujerumani waliotumia mnara wa kudondoshea vyombo ulioko Bremen waliripoti sehemu 38 za trilioni. Mbinguni kwenyewe hakuna baridi hiyo: mabaki ya mwanga wa mwanzo wa ulimwengu yanaiweka anga kwenye kelvini 2.7 hivi.

Sentensi moja ya ubaoni nilimwomba mwalimu aifute: "Kwenye sifuri kamili molekuli husimama kabisa." Hazisimami. Hubaki na mtikisiko wa mwisho ambao hauwezi kutolewa, na heli ndiyo shahidi: chini ya shinikizo la kawaida haigandi kamwe hata ukiipoza vipi, ni lazima ubane kwa takriban mara 25 ya shinikizo la hewa ndipo igande. Aliandika badala yake kwamba kwenye sifuri hakuna nishati inayoweza kutolewa tena. Ni sentensi ndefu kidogo, lakini mwanafunzi hatalazimika kuisahau akifika chuo.

Kuhusu alama, hatukuafikiana. Yeye alitaka kuyafuta majedwali ya siku ya kwanza na kusahihisha ya pili tu. Mimi nilisema ya kwanza yapewe alama zote za vipimo, kwa sababu yalipimwa vizuri mno hata yakamtaja mkosaji kwa kilopaskali zake, na mstari usipewe kitu. Mwishowe aliamua kuyasahihisha yote mawili, na swali la mtihani wa muhula ujao litakuwa jedwali la chupa yenye maji, bila maelezo, na karatasi ya grafu.